Gego la Jumwa na Papai la Kiapo

Jino lilianza kumuuma Jumwa kabla papai halijakatwa, kabla mganga hajaitwa, na kabla mtu yeyote pale Chaani hajajua kwamba kuna kitu kimepotea. Hilo liwekwe wazi tangu mwanzo, maana watu wazima na akili zao, wazee wa kanisa na ndevu zao, walijitia hamnazo, na mke wa watu nusura anyang'anywe mtoto wake wa kumzaa.

Lilikuwa gego la mwisho kabisa, chini, upande wa kushoto, lile ambalo huchelewa kuota hata mtu akawa ameshaolewa na kuzaa. Wengine huliita jino la akili. Jumwa alikuwa na miaka ishirini na ushei. Mtoto wake wa kwanza, Dhahabu, ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusimama kwa kushika ukuta. Mumewe, Ngala, alikuwa mchukuzi gatini, akiondoka alfajiri na kurudi jioni kachoka hoi. Nyumba ilikuwa ya mamavyaa wake, Kafedha, mjane aliyekaa humo na wanawe wawili, Ngala na mdogo wake Randu. Huyo Randu alikuwa kijana mtanashati asiyejulikana hasa anafanya kazi gani, na ndiye mboni ya jicho la mamake.

Asubuhi hiyo Jumwa alikuwa akitwanga mahindi uani. Akaacha mchi ghafla, akashika shavu.

"Jumwa!" Kafedha aliita kutoka jikoni. "Mbona kinu kimenyamaza?"

"Abee, mavyaa. Ni jino. Limeanza jana, na leo linavuta mpaka sikioni."

Kafedha akatoka, akamtazama, akacheka. Hakuwa mwanamke mbaya, na hilo ndilo linalotia uchungu zaidi. "Gego hilo, mwanangu. Mimi langu liliota nikiwa na mimba ya Randu, nililia kuliko siku ya kumzaa. Akili ndiyo kwanza zinakuja, vumilia." Akampashia maji ya chumvi, akamwambia asukutue na kutema, asimeze. Kisha akasema, "Ngoja nikupe karafuu uziume hapo penye gego. Utaona litakavyotulia."

Karafuu zake alizihifadhi katika kasha lake la nguo, zimetapakaa katikati ya leso ili wadudu wasiingie na nguo zinukie vizuri. Akaenda chumbani, akafungua kasha, akarudi na karafuu chache kiganjani, akampa Jumwa. Jumwa aliziweka kinywani, akahisi ule ukali wake ukimtia ganzi, akashukuru. Kafedha alirudi kufunga kasha. Ndipo Jumwa alipomsikia akitupa nguo sakafuni moja moja, halafu akapiga ukelele.

"Sanda yangu! Wameniibia sanda yangu!"

Ilikuwa ni marekani nyeupe, kitambaa cha pamba, jora zima, aliyoinunua kabla ya vita na kuiweka kwa ajili ya maziko yake. Kila mama wa kanisani alikuwa na habari yake. Na wakati huo vita vya Wazungu vilikuwa vimekausha maduka. Watu walikuwa wakishona suruali kwa magunia, na kipande cha marekani safi kilikuwa kitu cha kupigania. Lakini kwa Kafedha haikuwa bei. Ilikuwa ni kwamba atakufa na kuzikwa na mkeka wa kuazima, mbele ya watu. Alilia kama aliyefiwa.

Ufunguo wa kasha ulikaa chini ya godoro lake, na waliojua ni watatu tu: Ngala, Randu na Jumwa. Wote watatu walikana.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Tsofa, shemeji yake Kafedha, ndugu wa marehemu. Mzee Tsofa alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alisimama mbele ya watu akakemea waganga, hirizi na viapo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Lakini lilipofika la nyumbani, alisema kwa sauti ya chini, "Hili halimalizwi kwa maombi. Na polisi hatuwataki, watatuaibisha. Aletwe mwenye kiapo cha papai." Akaongeza upesi, "Mchungaji asiambiwe."

Na wala hakuambiwa. Mganga aliletwa kutoka upande wa Kaloleni, akaketishwa nyuma ya jiko ambako hakuonekani kutoka barabarani. Kiapo chenyewe kila mtu wa kule kwao anakijua. Papai bichi humenywa, hukatwa vipande, husomewa maneno, na kila anayeshukiwa hutafuna chake na kumeza. Msema kweli papai humpita. Mwizi papai humshika: shavu humvimba, kinywa humfunga, na mambo yamekwisha.

Jumwa hakuogopa. Alijua hajaiba. Alichokiogopa ni gego, maana karafuu zilikuwa zimelituliza kwa muda tu na sasa ufizi wa nyuma ulikuwa umeanza kuumuka tena. Akakitia kipande chake upande wa kulia, akatafuna pole pole.

"Usilifiche upande mmoja," mganga akamwambia. "Tafuna kotekote."

"Baba, huku naumwa ji..."

"Tafuna, mwanamke!" Mzee Tsofa akamkata kauli.

Akatafuna kotekote. Utomvu wa papai bichi uliingia katika ufizi uliovimba, na machozi yakamtoka palepale bila kutaka. Ngala alitafuna, akameza. Randu alitafuna, akameza, akafuta midomo kwa leso ya mfukoni. Na watu wote waliokuwapo walikuwa wakiyatazama machozi ya Jumwa.

Kulipokucha shavu lake la kushoto lilikuwa kama kaficha limau ndani. Taya limekaza. Kinywa kilifunguka kiasi cha kupita ncha ya kidole cha mwisho tu. Hata mate yake mwenyewe yalimpa tabu kumeza. Kafedha alimwona mlangoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Limemshika," akasema mganga, akaanza kufunga mkoba wake. Kazi imekwisha.

Lakini hebu tuulize, na tuulize kwa hasira maana inastahili: nani pale aliyesema "Fungua kinywa tukutazame"? Hakuna. Walilisoma shavu kwa nje. Jumwa alisimama katikati ya ua, akaonyesha kinywa kwa kidole, akaonyesha chumba lilimokaa kasha, akajaribu kusema kwa meno yaliyofungana, mate yakamtiririka kidevuni.

Mzee Tsofa akainua mkono. "Nyamaza. Aliyeshikwa na kiapo hasikilizwi. Atazidi kusema uongo tu."

Basi Jumwa akamgeukia Kafedha. Akamtazama usoni, mwanamke aliyempashia maji ya chumvi, aliyempa karafuu kwa mkono wake. Moyo wake ulimwambia, sema basi, mavyaa, neno moja tu. Kafedha alikuwa akisokota ncha ya leso yake, macho chini. Akamgeukia Ngala, aliyelala naye kitanda kimoja siku zile zote akimsikia akiugulia. Ngala alifungua kinywa. Mzee Tsofa akamkazia macho. Ngala akakifunga kinywa chake, na yeye hakuwa na gego lolote lililomzuia.

Hukumu ikatolewa. Jumwa arudi kwao Mariakani, mahari yadaiwe, na mtoto abaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Jumwa alipomkimbilia Dhahabu, Randu alikuwa ameshambeba.

"Ananyonya bado," alisema mke wa jirani mmoja, kwa huruma.

"Ameshaota meno," Kafedha akajibu bila kuinua uso. "Ala uji."

Jumwa hakufika Mariakani. Alipita kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli akiwa na kifurushi chake kichwani, analia kwa pua maana kinywa hakikuweza, na Agneta akamwona. Agneta alikuwa mke wa fundi wa reli, mtu wa bara, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Walijuana kisimani.

"Nani amekupiga?" Agneta aliuliza.

Jumwa akatikisa kichwa. Agneta hakungoja maelezo. Akamvuta ndani, akamkalisha mlangoni penye mwanga, akatwaa kijiko, akaingiza mpini pole pole kando ya shavu na kuusukuma mdomo. Akachungulia. Ikawa yeye ndiye mtu wa kwanza kutazama mle ndani.

"Wewe! Kuna jino hapa linatoka! Nyama imelifunika nusu, na usaha unatoka. Na wao walisema nini?"

Alipoambiwa, kwa ishara na kwa maneno yaliyotoka vipande vipande, aliweka kijiko chini akabaki anatazama mlango. "Papai," akasema. "Papai, watu wazima!" Akavaa viatu, akamshika Jumwa mkono mpaka zahanati.

Dresa, mtibabu wa zahanati, alikuwa mtu mwenye haraka na mdomo mkali, na foleni ya watu ilikuwa ndefu. Alimulika kinywa cha Jumwa kwa tochi, akaguna, akaanza kufoka kana kwamba Jumwa alijitia mwenyewe ugonjwa. "Mbona mmengoja mpaka taya likafunga? Gego la mwisho hili. Halina nafasi ya kutokea, basi limekuja limelala, linalisukuma la mbele yake. Ufizi umelifunika kama kifuniko cha chungu, chakula kinaingia chini yake, kinaoza, pananuka, panavimba. Misuli ya taya nayo inakaza. Kuna ajabu gani? Kila wiki nawaona wawili watatu."

"Ling'oe," Agneta akasema.

"Leo? Na uvimbe huu? Usaha utasambaa, na hata kinywa hakifunguki nikapitisha koleo. Kwanza tusafishe."

Akavuta maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akayapiga chini ya ule ufizi mara kadhaa, na kilichotoka kilimfanya Agneta ageuze uso. Kilitoka na kipande cha papai. Jumwa alikitazama ndani ya bakuli, kidogo kama ukucha, kijani, kikiwa kimeshaanza kuoza, na hasira ilimpanda kichwani mpaka akasahau maumivu.

Dresa akampa vidonge vyeupe vya kumeza na maji mengi. Akamwambia asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi kila baada ya kula na kabla ya kulala, asafishe meno hata kama panauma, alalie mto wa juu, ale vitu laini, na asiruhusu mtu kumtia majivu ya moto wala mafuta ya taa. Karafuu anaweza kutumia, zinatuliza, lakini haziponyi. Uvimbe ukiisha arudi lile gego ling'olewe, la sivyo litarudia. Kisha akaita, "Anayefuata!"

Jumwa akakaa kwa Agneta. Taya lilianza kulegea pole pole, lakini matiti ndiyo yaliyomtesa sasa. Yalijaa maziwa, yakawa magumu, yakamchuruzika kifuani, na mwenye kuyanyonya yuko nyumba za upande wa pili wa njia ya reli. Agneta alikwenda kwa Kafedha kumwombea mtoto aje anyonye tu na kurudishwa. Randu alimkuta mlangoni akamwambia mwizi hana mtoto. Jumwa alikamua maziwa yake ndani ya bakuli, akayamwaga nyuma ya nyumba, na kila alipoyamwaga alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Tumwache ayaseme. Alikuwa na haki.

Siku kinywa kilipokubali kufunguka kiasi cha kutamka maneno mazima, hakungoja hata kung'olewa hilo gego. Ilikuwa Jumapili mchana. Alijua wazee wangekuwa kwa Kafedha baada ya ibada kupanga nani atumwe Mariakani kudai mahari. Akajifunga leso, akaenda, Agneta nyuma yake.

Walikuwa wamekaa uani: Mzee Tsofa kwenye kiti chenye mgongo, Biblia mapajani, wazee wengine wawili kwenye benchi, Ngala kwenye gogo, Randu kaegemea mlango. Kafedha alikuwa mkekani na Dhahabu mbele yake, anamlisha uji. Mtoto alikuwa akiutema.

"Shikamooni," Jumwa akasema.

Walishtuka kusikia sauti yake. "Umekuja kufanya nini?" Mzee Tsofa akauliza.

"Nimekuja kusema. Mlisema nimefungwa kinywa na papai kwa kuwa ni mwizi. Sasa kimefunguka, na hakuna mganga aliyekifungua. Njooni mtazame." Akamwendea yule mzee wa kwanza kwenye benchi, akainama, akavuta shavu kwa kidole. "Tazama, baba. Nyuma kabisa. Unaona nini?"

Yule mzee akatazama, akasita. "Naona gego. Limechomoza nusu."

"Limeota kwa papai?"

"Papai halioteshi jino," mzee akakiri.

"Huenda liliota baadaye," Mzee Tsofa akasema upesi. "Huenda liliota kwa laana ya kiapo hichohicho. Mimi sijui lilianza lini."

"Hujui kwa kuwa hukuniuliza. Yupo anayejua." Jumwa akamgeukia mamavyaa wake. "Mavyaa, nakuuliza mbele yao. Siku ile ulipoona sanda haipo, ulilifungua kasha kutafuta nini?"

Kafedha akakirudisha kijiko ndani ya uji.

"Jibu, Kafedha," akasema yule mzee wa benchi. "Si swali gumu."

"Karafuu," Kafedha akasema.

"Za kutia nini?"

Dhahabu alikuwa amemwona mamake, anajivuta kutoka mkekani.

"Za kutia nini, mavyaa?"

"Za jino lako," Kafedha akasema. "Lilikuwa linakuuma. Nilikupashia na maji ya chumvi." Akaanza kulia.

Wazee wakatazamana. Mzee Tsofa aliifungua Biblia, akaifunga, hakuwa na ukurasa wowote aliokuwa akiutafuta. Ngala alishika kichwa kwa mikono miwili. Basi wote wakaona, na lilikuwa ni jambo la wazi kiasi cha kutia aibu: jino lilimuuma kabla sanda haijajulikana kuwa imepotea, na ni hilo jino lililofanya ijulikane. Bila gego la Jumwa kasha lisingefunguliwa siku ile. Ni mwizi gani anayemwacha mwenye mali akafungue kasha aliloibia?

"Kiapo kilikosewa," Mzee Tsofa akasema mwishoni, akijikohoza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuokoa kiti chake. "Hapo pameingia ugonjwa. Basi huyu atolewe, na kirudiwe kwa waliobaki. Ngala na Randu wale papai upya."

"Asile!" Kafedha aliruka kutoka mkekani, uji ukamwagika. "Mwanangu asile! Papai litamuua!"

"Yupi?" Jumwa akauliza. "Wametajwa wawili."

Kafedha akaziba mdomo kwa leso. Wote wakageuka kutazama mlangoni alipokuwa ameegemea Randu, na mlangoni hapakuwa na mtu. Mlango wa nyuma ukasikika ukijibamiza.

"Ulijua," Jumwa akasema.

"Sikujua. Nilihofia." Kafedha alikaa chini palepale kwenye uji. "Niliwaza, Jumwa ana kwao, ana baba, watampokea. Randu watamfunga, mwanangu, watamfunga na kumpeleka mbali. Nikawaza litapoa, baadaye utarudishwa. Nisamehe, mwanangu. Sikukusudia."

"Na huyu alikuwa anyonye nini mpaka lipoe?"

Dhahabu alikuwa ameshafika kwenye miguu ya mamake, kashika pindo la leso, anajivuta asimame.

Mzee Tsofa akainuka, akajikung'uta kanzu. "Yote ni heri. Jambo limejulikana. Mwanamke arudi kwake, mtoto yupo, sisi tutamtafuta huyo kijana. Tuombe, tutawanyike."

"Hamtawanyiki," Jumwa akasema. "Kaa, mzee."

Katika maisha yake yote Mzee Tsofa hakuwa ameambiwa hivyo na mwanamke wa rika la wanawe. Akatazama huku na huku amwone atakayemkemea kwa ajili yake. Agneta alikuwa amesimama kwenye njia ya kutokea, mikono yake mikubwa kaifunga kifuani. Wale wazee wa benchi walitazama chini. Akakaa.

Ngala akasogea. "Mke wangu..."

"Wewe nawe kaa. Siku zile ulikuwa na kinywa kizima."

Akaketi katikati ya ua, mahali palepale walipomsimamisha mate yakimtoka kidevuni. Akampakata mwanawe, akafungua leso, akamnyonyesha mbele yao. Mtoto alinyonya kwa pupa, akikoroma, mkono mmoja umeng'ang'ania shingo ya mama. Ziwa lilikuwa limejaa mno, likamuuma, na gego nalo likaanza kumvuta tena kwa vile alivyokuwa amekaza meno. Jumwa hakukunja uso.

"Kesho naenda kung'olewa hili jino," akasema. "Leo mtangoja. Nilingoja niulizwe neno moja, nanyi mtangoja mtoto ashibe. Akishashiba, nitawaambia mimi na yeye tunalala wapi."

Na wazee wakangoja.